Jinsi ya kubuku gari binafsi la kukutoa eapoti mpaka hoteli ya ufukweni bila kuachwa kwenye mataa (mwongozo kamili)

Kuna picha moja ninayo kwenye simu mpaka leo. Kibao cheupe kina jina langu kwa wino mweusi, kimeegeshwa kwenye vile vyuma vya mlango wanakotokea abiria, nyuma yake hamna mtu hata mmoja, sakafu inang'aa na saa ya ukutani inasoma 01:52. Dereva aliipiga kama ushahidi kwamba alikuja kunipokea. Na kweli alikuja, tatizo ni kwamba alikuja jana yake.

Ndege yetu iliondoka tarehe 11 jioni ikatua 00:25, yaani tarehe 12 ilikuwa ishaingia, ila mi kwenye fomu nikajaza 11 kwa sababu kichwani mwangu ile ilikuwa "safari ya tarehe 11". Basi mtoto wa watu katoka kwake usiku, kasubiri karibu saa moja na nusu, kapiga simu yangu haipatikani (nilikuwa kitandani kwangu nimelala, simu nimezima), kapiga picha kibao, kaondoka zake. Usiku uliofuata sisi ndo tunatua, watoto wamelala juu ya masanduku, napiga namba ya kampuni naambiwa kwa upole kabisa kwamba huduma yangu ishatolewa, afu na gari la kurudi nalo limejifuta lenyewe kwenye mfumo kwa vile la kwenda "sikutokea". Nililipa mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, na sina wa kumlaumu.

Toka siku hiyo nikashika kitu kimoja: dereva hakujui wewe, anaijua fomu uliyojaza. Ukimwandikia uongo hata wa bahati mbaya, ataufuata uongo huo kwa uaminifu wote. Kwa hiyo huu mwongozo sehemu kubwa ntaitumia kwenye fomu, mengine ntapita haraka haraka.

Kwanza: hivi unalihitaji kweli gari binafsi?

Sio kila safari inataka transfa ya binafsi. Kama uko peke yako na begi la mgongoni, umetua saa nne asubuhi na hoteli iko karibu, teksi rasmi ya pale pale uwanjani inatosha na hamna haja ya kuumiza kichwa. Kuna basi dogo la kuchangia pia, hilo ni rahisi kuliko yote ila linasubiri abiria wa ndege zingine lijae, afu linapitia hoteli moja moja, na kwa sheria isiyoandikwa popote hoteli yako ndo itakuwa ya mwisho. Kuna gari la hoteli yenyewe, kwa kawaida bei yake imechangamka lakini wakikosea wanajua wakupate wapi. Na kuna magari ya kuitwa kwa programu ya simu, mazuri sana mjini, ila kwenye viwanja vingine hayaruhusiwi kuingia sehemu ya kupokelea, na hoteli za ufukweni mara nyingi ziko mbali kiasi kwamba madereva wanakataa kwa sababu watarudi tupu.

Gari binafsi linakaa sawa kama mnatua usiku, mna watoto wadogo au mzee, mko watatu wanne kwenda juu (hapo ukigawa bei kwa vichwa unakuta imeshuka sana), mna mizigo ya ajabu ajabu, au hoteli iko mbali na barabara za huko huzijui. Kwa familia mi hata sijiulizi mara mbili.

Ila subiri, kabla hujabuku gari angalia kama barabara inafika hotelini! Usicheke, risoti nyingi ziko kwenye visiwa. Maldivi kwa mfano, ukishatua uwanja mkubwa wa karibu na Malé, unaenda hotelini kwa boti ya kasi au kwa ndege ndogo ya kutua majini, na hizo ndege za majini zinaruka mchana tu, jua likizama zimelala. Ukitua jioni sana unalala Malé mpaka kesho yake, na hilo unatakiwa ulijue kabla hujakata tiketi. Sehemu kama hizo transfa inapangwa na risoti yenyewe, wewe unachofanya ni kuwatumia namba ya ndege mapema.

Pili: kusanya karatasi zako kabla hujaanza kulinganisha bei

Watu wengi wanaanza na bei, wanapata kitu cha kuwapendeza, afu wanajaza fomu huku wanakumbuka kumbuka. Usifanye hivyo. Fungua tiketi, fungua uthibitisho wa hoteli, viweke mbele yako vyote viwili, na usijaze kitu chochote kutoka kichwani. Kichwa ndicho kilichoniambia mi tarehe 11.

Kitu cha kuangalia mapema ni uwanja upi hasa. Kuna sehemu za ufukweni zina viwanja viwili. Tenerife, kile kisiwa cha Uhispania, kina uwanja wa kaskazini (TFN) na wa kusini (TFS), na sehemu kubwa ya hoteli za ufukweni ziko upande wa kusini. Ukibuku gari likusubiri TFS wakati tiketi yako inasema TFN, dereva yuko upande mmoja wa kisiwa na wewe upande mwingine. London ndo kabisa, ina Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, City na Southend. Kwa hiyo usiandike jina la mji, andika zile herufi tatu zilizoko kwenye tiketi, pamoja na namba ya terminali kama ipo. Na majina yasikuchanganye, ukienda Bali herufi zake ni DPS kwa sababu ya mji wa Denpasar.

Tatu: kuchagua kampuni

Bei iangalie, ila iangalie ukiwa umeshajua ni bei ya nini. Ni ya gari zima au ya kichwa? Ni ya kwenda tu au kwenda na kurudi? Ushuru wa barabara na maegesho ya uwanjani vimo? Usiku kuna nyongeza? Siti ya mtoto ni bure au inalipiwa? Nimeshaona kampuni mbili, moja inaonekana rahisi kwa robo nzima, ukija kuongeza siti mbili za watoto na nyongeza ya usiku inakuwa ghali kuliko yule mwenzie aliyesema bei yake kwa uwazi toka mwanzo.

Afu kuna muda wa kusubiri, hapa ndo pa kusoma kwa makini. Kampuni nyingi zinatoa dakika 45 mpaka 60 za bure uwanjani, zikipita wanaanza kukuhesabia au dereva anaondoka. Swali la kuwauliza ni moja tu: hizo dakika zinaanza kuhesabiwa lini, ndege ikigusa ardhi au saa niliyoandika kwenye fomu? Kama ni saa ya kwenye fomu na ndege ikachelewa saa mbili, umeumia. Unataka kampuni inayofuatilia ndege kwa namba yake, ikichelewa wao wanajua kabla yako.

Maoni ya wateja usisome ya nyota tano, hayo yote yanasema "dereva mzuri, gari safi". Soma ya nyota moja na mbili, tena tafuta yanayohusu ndege iliyochelewa au iliyotua usiku wa manane, maana kampuni unaijua pale mambo yanapoharibika. Angalia na wao wanajibu vipi: anayejibu kwa kutukana mteja, kimbia.

Kingine, hakikisha ni watu wenye leseni ya kubeba abiria na bima inayomgusa abiria. Kuna jamaa mtandaoni ana gari lake zuri na picha zinavutia, anakupa bei ya chini, lakini kama hana kibali anaweza kuzuiwa kuingia uwanjani, na ikitokea ajali njiani hapo ndo utajua kwa nini ilikuwa chini.

Mtihani wangu wa mwisho ni huu: kabla sijalipa natuma meseji wasap kwenye namba yao ya dharura, usiku, nauliza swali dogo la kijinga kama "gari lina nafasi ya kigari cha mtoto?" Wakijibu ndani ya nusu saa, nalipa. Wakijibu kesho saa tano asubuhi basi nimeshajua ntakapokwama usiku ntajibiwa saa ngapi.

Nne: fomu yenyewe

Tarehe. Ni tarehe ya kutua, sio ya kuondoka. Kwenye tiketi nyingi pembeni ya saa ya kufika kuna kialama kidogo cha +1, wengi wanakipita kama vumbi, kumbe ndo kinakwambia unafika siku inayofuata. Na kama unatua kati ya saa 00:00 na 05:00, fomu ikiwa na sehemu ya maelezo andika na kwa maneno, "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano", maana hapo hata wafanyakazi wa kampuni wenyewe wanachanganyikiwa. Tena kama fomu inakuachia uandike mwenyewe badala ya kuchagua kwenye kalenda, mwezi uandike kwa jina. 05/06 kwa wengi ni tarehe 5 mwezi wa 6, kwa Mmarekani ni Mei 6.

Saa. Hapa sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Ukimwandikia mtu "natua saa moja usiku" afu akaiweka kwenye programu ya kutafsiri, kuna uwezekano mkubwa itamletea 01:00, wakati wewe unamaanisha 19:00. Kwa tarehe ile ile hiyo ni tofauti ya saa 18! Kwa hiyo kwenye transfa sahau saa za kuongea nyumbani, tumia mtindo wa masaa 24 kama ulivyo kwenye tiketi: 07:00 ndo saa moja asubuhi, 19:00 ndo saa moja usiku. Na saa zilizoko kwenye tiketi ni za pale uwanja ulipo, kuondoka ni saa za huko unakotoka na kufika ni saa za huko unakofika, kwa hiyo usianze kupiga hesabu za kuongeza na kupunguza, nakili ilivyo.

Namba ya ndege. Hii ina thamani kuliko saa, kwa sababu ndo wanayofuatilia nayo. Iandike kamili, zile alama mbili za shirika (herufi mbili, au herufi na tarakimu) na namba inayofuata. Ukiwa na ndege ya kuunganisha, andika ya mwisho, ile itakayokufikisha, sio uliyopanda nyumbani. Watu wanaokosea hapa ni wengi ajabu. Afu kuna hii ya mashirika mawili kuuza ndege moja: tiketi yako ina namba ya shirika A lakini ndege ni ya shirika B, na kwenye ubao wa uwanjani inaweza kusomeka namba ya B. Angalia kwenye tiketi shirika gani ndo linairusha hasa, andika namba zote mbili kama unazo.

Jina. Jina litakalosomeka kwenye kibao, liwe moja mnalolijua nyote. Kama mke kabuku kwa jina lake na mume ndo anatangulia kutoka nje anatafuta jina lake yeye, mtazunguka hapo mpaka mchoke.

Simu. Weka namba itakayokuwa hewani UKIFIKA, na namba ya nchi mbele (ile alama ya + na tarakimu zake). Ukiweka namba ya nyumbani na hujawasha romingi (ile huduma ya laini yako kufanya kazi nje ya nchi), hiyo namba ni pambo tu. Kama unategemea intaneti ya uwanjani au laini utakayonunua ukifika, waambie kabisa wakutafute wasap, na we uwe na namba yao imeshaseviwa.

Hoteli. Jina kamili kama lilivyo kwenye uthibitisho, anwani, na simu ya risepsheni. Kampuni za hoteli zinapenda kuweka risoti mbili tatu kwenye fukwe jirani, majina yanatofautiana neno moja la mwisho tu, moja ya familia moja ya watu wazima, na geti zake ziko mbali mbali. Mi siku hizi nafungua ramani kwenye simu, natafuta geti la kuingilia (sio bwawa la kuogelea katikati ya risoti, maana pini mara nyingi inaangukia huko), nakopi kiungo nakibandika kwenye maelezo. Kama ni nyumba ya kupanga au villa isiyo na kibao barabarani, basi hilo ni lazima.

Watu na mizigo. Hesabu kila kichwa, hata mtoto mchanga wa mapajani, kwa sababu siti ni siti na sheria ni sheria. Kuhusu mizigo, gari linalosemwa ni la watu wanne ni kweli linabeba watu wanne, ila buti lake linameza masanduku makubwa mawili na vibegi viwili hivi, la tatu linaenda mapajani mwa mtu. Mashirika mengi yanahesabu sanduku la kawaida kuwa kilo 23 na jumla ya urefu, upana na kimo isiyozidi sentimita 158, hicho ndo kipimo wanachokiwaza wakisema "sanduku kubwa". Wanne wenye masanduku manne mnataka gari la watu sita au saba. Na ubao wa kuteleza mawimbini, fimbo za gofu, kiti cha magurudumu, kigari cha mtoto, vyote viandike. Kiti cha magurudumu sema kama kinakunjika au hakikunjiki, na kama anayekitumia anaweza kuhamia siti ya kawaida, maana gari lenye njia ya mteremko ya kupandishia linatafutwa mapema, haliokotwi siku hiyo.

Siti ya mtoto. Usiandike "siti ya mtoto 1", hiyo haisemi kitu, wanaweza kukuletea kile kiinulio cha mtoto wa miaka saba wakati wako ana miezi kumi. Andika umri, kilo na urefu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, ile inayojulikana kwa jina la i-Size, inataka mtoto akae akiangalia nyuma mpaka apite miezi 15, na siti zake zinachaguliwa kwa urefu wa mtoto. Nchi nyingine wana sheria zao, nyingine teksi zimesamehewa kabisa, lakini breki ya ghafla haiulizi gari ni teksi au sio. Kama una siti yako mwenyewe na mtoto kaizoea, beba, mashirika mengi hayakutozi kuipakia.

Maelezo ya ziada yangu yakikamilika yanasomeka hivi: "Tunatua usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, Agosti 14, saa 00:25. Watu wazima 2, mtoto miaka 6 (kilo 21, sentimita 116), mtoto miezi 11 (kilo 9, sentimita 74, akae akiangalia nyuma). Masanduku makubwa 3, kigari kinachokunjika 1. Wasap pekee." Mistari minne mitano, dereva akiisoma anatuona kabisa.

Tano: kulipa

Lipa kwa kadi kama inawezekana, kwa sababu mambo yakiharibika benki inaweza kukusaidia kudai, ukituma pesa moja kwa moja kwa mtu binafsi hiyo imeenda. Mfumo ninaoupenda ni kianzio kidogo mtandaoni, kinachobaki unampa dereva, ila hapo ulizia ni kwa sarafu gani na kama ana mashine ya kadi, usije ukafika saa saba usiku una noti kubwa ya nchi nyingine na mashine ya pesa uwanjani haifanyi kazi.

Kughairi: wengi wanarudisha pesa yote ukighairi saa 24 kabla, wengine 48. Soma na kipengele cha kutokutokea, hasa kama umebuku kwenda na kurudi pamoja. Waulize kwa maandishi, "ndege ya kwenda ikifutwa, gari la kurudi linabaki?" na jibu lao ulipige skrinshoti.

Ukishalipa utapata vocha kwa imeili, yaani uthibitisho wa gari ulilobuku. Ifungue HAPO HAPO, sio siku ya safari, na uikague mstari kwa mstari na tiketi. Dakika tatu tu. Halafu iweke kwenye simu isomeke bila intaneti, na nakala kwa mwenzio mnayesafiri naye.

Sita: siku mbili kabla

Mashirika ya ndege yanabadilisha ratiba na kukutumia imeili ndefu ambayo hujaisoma. Ingia uangalie saa bado ni ile ile. Ikiwa imebadilika hata kwa nusu saa waambie kampuni, na wakujibu, usitosheke na tiki mbili za wasap.

Waombe pia jina la dereva, aina ya gari, namba ya gari na mahali hasa atakaposimama. Wengine wanatuma siku moja kabla, ni sawa. "Atakuwepo nje" sio jibu. Nje wapi? Baada ya forodha, mlango gani, karibu na nini? Viwanja vingine haviruhusu madereva kuingia kabisa, wanasubiri ng'ambo ya barabara kwenye maegesho, na watu mia moja wote wameinua vibao. Mwombe akutumie picha ya mahali penyewe, wengi wanayo tayari.

Saba: umetua

Simu ikishika mtandao tuma meseji fupi, "nimetua, naenda pasipoti". Ukimaliza pasipoti tuma nyingine, "nasubiri mizigo". Hizo meseji mbili zinamfanya dereva asikate tamaa foleni ikiwa ndefu, na foleni ya viza inaweza kumaliza zile dakika zako 60 zote bila wewe kuwa na kosa lolote. Ukiona inakaribia, waambie mapema.

Sanduku lisipotokea usitoke nje kwanza. Mpigie dereva umwambie, nenda dawati la mizigo humo humo ndani ukaandikishe, wakupe karatasi yenye namba ya madai. Wape na anwani ya hoteli ili walilete. Ukishatoka kwenye ule mlango kurudi ndani ni kazi.

Sasa ukitoka. Watakuja watu wanaokuita "rafiki", wanakuuliza unaenda hoteli gani, na ukiwatajia wanajibu "ndio ndio mi ndo dereva wako, gari liko huku". Wengine wana akili zaidi, wanasoma jina lako kwenye kibao cha dereva wako halisi, wanakuja kukupokea hatua ishirini kabla hujamfikia. Dawa yake ni ndogo sana: usimwambie kitu, mwache yeye akwambie. "Unampeleka nani, hoteli gani, namba ya vocha inaishia na ngapi?" Dereva wa kweli anafungua simu yake anakusomea. Wa uongo anaanza hadithi ya kwamba mwenzie kaumwa. Mkifika kwenye gari linganisha namba na uliyotumiwa, afu ndo masanduku yaingie. Likiwa gari lingine piga ofisini, mara nyingi ni mabadiliko ya kawaida, ila wakuthibitishie wao.

Usimuone dereva? Dakika tano za kwanza usihame hapo mlipokubaliana, maana mkianza kutafutana wote wawili mnapishana. Piga, tuma picha ya pale ulipo. Ikipita robo saa piga namba ya dharura, na ujipige picha hapo na saa ionekane. Ndiyo, nimejifunza kwa yule jamaa wa kibao.

Nane: njiani

Hapa hamna mengi. Mikanda wote hata wa nyuma, siti ya mtoto itikise kabla ya kuondoka, ikicheza cheza ifungwe upya. Fungua ramani kwenye simu yako uone mnaelekea kunakotakiwa. Akikwambia hoteli yako imefungwa au imejaa lakini anajua nyingine nzuri, mwambie asante, twende hiyo hiyo iliyofungwa. Na ukifika getini usimwachie aondoke mpaka risepsheni wapate jina lako kwenye orodha yao.

Halafu jambo la kufika mapema: hoteli nyingi chumba kinatolewa saa 14:00 au 15:00. Ukitua alfajiri, gari litakufikisha saa mbili asubuhi afu ukae lobi na nguo za ndege mwilini. Weka nguo za kuogelea kwenye begi la juu, masanduku waachie wakutunzie, nenda baharini.

Tisa: gari la kurudi

Wengi wanalisahau kwa sababu wameshapumzika. Fomu inauliza saa ya ndege, lakini saa ya kuchukuliwa ihesabu mwenyewe kwa kurudi nyuma. Mfano ndege ya nje ya nchi inaruka 21:30. Uwe uwanjani saa tatu kabla, 18:30. Barabara saa moja na nusu, toa, 17:00. Weka dakika 45 za foleni, mvua, au mtoto aliyesahau kiatu, unapata 16:15. Mashirika mengi yanafunga kaunta saa moja kabla ya ndege kuruka, kwa hiyo hata mkichelewa kidogo bado mko salama. Kampuni ikikupangia saa ya kuchelewa kuliko yako kwa sababu wana gari lingine la kuunganisha, kataa, ulilipia binafsi.

Hotelini muda wa kusubiri ni mfupi, mara nyingi dakika 15 tu, sio saa nzima kama uwanjani. Kwa hiyo bili ilipwe mapema, ikiwezekana jana yake usiku, maana asubuhi wakati wa watu kutoka kaunta inakuwa na mstari. Risoti kubwa zina lobi zaidi ya moja, na mizigo inabebwa na vigari vidogo vya umeme ambavyo saa ya kutoka vyote vina kazi, agiza chako nusu saa kabla. Mkumbushe dereva wasap kwa jina la lobi, atume "nimefika" na picha ya gari.

Masanduku yakishapangwa kwenye buti, kabla mlango haujafungwa, muulize kila mtu pasipoti yake iko wapi na aishike mkononi uione. Zetu zilikuwa kwenye sefu ya chumbani, ghorofa ya tatu, na aliyekuwa anaikumbuka namba ya kuifungulia ni yule wa miaka sita.